Fito zangu zinapandana kwenye omo: nibomoe au niendelee?

Swali: "Habari za kazi, fundi. Ninaunda mfano wangu wa kwanza wa meli ya mbao, Bounty, skeli ya 1:64 (ndogo mara 64 kuliko meli halisi), kutoka kwenye seti yenye tabaka mbili za fito, zile mbao nyembamba za kuvisha ubavu. Nimeanzia juu kwenye sitaha nikishuka chini, na sasa nimefika ufito wa 11 kila upande. Mambo yameharibika. Kwenye omo, yaani mbele ya meli, fito zinapandana kama magamba ya samaki, na kwenye tezi, yaani nyuma, kuna mianya ambayo kucha inapita. Niliziloweka usiku kucha kama nilivyoshauriwa, lakini bado zinakataa kulala. Mwenzangu mmoja aliyeunda meli nyingi ananiambia nibomoe zote nianze upya. Mwingine anasema nijaze mianya, nipige msasa, tabaka la pili litaficha kila kitu. Nimsikilize nani? Na je, nilikosea kuanza na meli hii?"

Jibu: Ndugu yangu, wenzako wote wawili wamekupa nusu ya ukweli. Ukibomoa zote utapoteza mbao nzuri pamoja na moyo wa kuendelea. Ukijaza na kusonga mbele, ufito wa 12 utakaa vibaya kuliko wa 11, maana kila ufito hufuata njia ya jirani yake. Basi kwa leo usibandike hata mmoja zaidi, wala usibomoe kitu mpaka umalize kusoma. Ipo sehemu ya kuondoa, na nadhani ni ndogo kuliko unavyoogopa.

Chukua ufito mmoja uliobaki kwenye seti. Wa tabaka la kwanza kwa kawaida una upana wa milimita 5 na unene wa milimita 1.5. Ushike ncha zote mbili uukunje kwa ubapa: unapinda kama upinde, bila taabu. Sasa jaribu kuukunja kwa ukingo, kuelekea upande wa upana wake. Haupindi. Ukiulazimisha unajisokota, ukingo mmoja unainuka na mwingine unazama. Kwa vipimo hivyo, ufito ni mgumu kiasi cha mara 11 ukiupinda kwa ukingo kuliko ukiupinda kwa ubapa. Magamba unayoyaona kwenye omo ndiyo hayo: umeziomba fito zipinde kwa ukingo ili zifuate ile ya juu yake, nazo zikajisokota zikapanda juu ya jirani.

Na kwa nini zilihitaji kupinda hivyo? Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, na seti nyingi hupapita kwa mstari mmoja wa maelezo. Ubavu wa meli hauna kimo kilekile kutoka mbele hadi nyuma. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi, uulaze juu ya taruma (mbavu ya kiunzi) la katikati kuanzia ukingo wa sitaha hadi kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba mataruma, uweke alama. Fanya vivyo hivyo kwenye taruma la kwanza la mbele. Tuseme katikati umepata milimita 100 na mbele milimita 60. Kwa fito za milimita 5 unahitaji fito 20 katikati. Fito hizohizo 20 zinatakiwa kuingia kwenye milimita 60 kule mbele, yaani kila moja inapaswa kuwa na upana wa milimita 3 inapofika omo. Wewe umezipeleka na milimita 5 zake zote. Kufikia ufito wa 11 umekwisha kutumia milimita 55 kati ya 60, na bado una fito 9 mkononi. Zitakwenda wapi? Zitapandana.

Tezi ina tatizo la kinyume. Pale ubavu unapojikunja kuupanda mti wa usukani, ule wa wima nyuma kabisa unaoshika usukani, karatasi yako inaweza kuonyesha milimita 115. Fito 20 hazitoshi kujaza nafasi hiyo, ndiyo maana kucha yako inapita. Dawa yake ni kuchomeka kabari, vipande vyenye ncha kali upande mmoja vinavyoingia kati ya fito mbili, jinsi mshonaji anavyotia kipande cha pembetatu ili gauni lipanuke chini. Waunda meli halisi walifanya hivyo, kwa hiyo usione kama unaficha aibu.

Kwa hiyo kila ufito lazima ukondeshwe kuelekea omo kabla haujagusa gundi. Mimi huzibana fito mbili pamoja kwenye jiliwa, ya kulia na ya kushoto, nikaziranda kwa pamoja kwa randa ndogo au kisu kikali na rula ya chuma. Zikitoka zinafanana, na pande mbili za meli haziwezi kutofautiana. Anza kukondesha pale tu karatasi inapoonyesha kimo kimeanza kupungua. Kwa meli nyingi ni karibu na taruma la nne au la tano kutoka mbele. Nyuma ya hapo uache upana wote. Na usikondeshe chini ya nusu. Ufito wa milimita 5 ukishuka chini ya milimita 2.5, ncha yake haishiki pini wala gundi, na ukiuangalia unaonekana kama kijiti cha kuchokolea meno. Hesabu ikikudai milimita 2.2, acha ufito mmoja uishie njiani, na majirani zake wawili waungane mbele yake.

Ili usipige hesabu kwenye kila taruma, chora feni ya mistari: kwenye karatasi kubwa chora mistari 21 inayotoka kwenye nukta moja ikitanuka, nafasi kati yake zikiwa sawa. Beba ukanda wako wa karatasi, uutembeze juu ya feni mpaka alama zake mbili ziguse mstari wa kwanza na wa mwisho, kisha nakili mistari yote kwenye ukanda. Rudisha ukanda kwenye taruma, hamishia alama kwa penseli. Kazi ya jioni moja. Ukimaliza, kiunzi kizima kina alama za mahali kila ufito unapopita, na kuanzia hapo hubahatishi tena.

Lakini nina shaka kwamba si kutokondesha peke yake kulikokuponza. Nadhani, na picha ingenihakikishia, kwamba mataruma yako hayakusawazishwa. Seti huyaleta yamekatwa kwa pembe mraba. Kwenye omo ubavu unazunguka kuelekea katikati, na taruma lenye ukingo mraba linaugusa ufito kwa kona moja tu, ya nyuma au ya mbele kutegemea mahali lilipo. Ufito unakaa juu ya kona kama ubao wa bembea. Gundi haina pa kushika, na ukibana upande mmoja wa pili unafyatuka.

Meli yangu ya kwanza iliniumbua hapohapo. Ilikuwa ya milingoti mitatu, mizinga tele, nami nilikuwa na haraka ya kuiona imevaa mbao. Nilipiga msasa mataruma kwa dakika kumi hivi, nikaridhika. Mzee mmoja wa kundi letu la waunda meli, mtu wa maneno machache, aliichukua siku niliyowapelekea, akazima taa, akaweka tochi chini kabisa usawa wa ubavu, mwanga ukaukwaruza kutoka mbele kwenda nyuma. Kila taruma lilijitokeza kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Hakusema lolote. Akawasha taa, akanirudishia. Nilinyamaza njia nzima kurudi nyumbani. Mpaka leo tochi ile ndiyo kifaa changu cha kwanza cha ukaguzi, na imenigharimu kidogo kuliko kifaa kingine chochote nilichonacho.

Ukitaka kujua kama taruma limekaa sawa, chukua ufito mrefu uliotulia, uulaze kwa ubapa juu ya angalau mataruma matano bila kuubana, kwa mkono mmoja tu. Chungulia chini yake. Ukiona mwanga kwenye taruma moja, hilo ni fupi: libandikie kipande cha ubao mwembamba. Ukiona ufito unainuka juu ya taruma moja na kuacha mawili ya jirani, hilo ni refu: lipunguze. Ukiona unagusa kona tu, piga msasa mpaka uguse unene wote wa taruma. Tumia msasa uliobandikwa juu ya kipande cha ubao mrefu unaofika kwenye mataruma mawili au matatu kwa wakati mmoja. Msasa wa kushika kwa vidole huchimba mashimo. Kwa meli ya ukubwa wako hii ni kazi ya siku nzima, si ya dakika kumi. Hakuna mtu anayeipenda, mimi mwenyewe huwasha redio.

Sasa hilo la kuloweka usiku kucha. Mti unaponyonya maji hujivimbisha kwa upana, na ukikauka hurudi. Ukibandika ufito uliovimba, ukikauka unasinyaa ukiwa tayari umeshikwa, na mwanya unafunguka kati yake na jirani. Sehemu ya mianya yako ya tezi imetoka humo, naweza kukuhakikishia. Isitoshe, kinachoulainisha mti zaidi ni joto. Joto ndilo linalolegeza kile kinachozigandisha nyuzi za mti pamoja. Maji husaidia kulainisha, hulibeba joto hilo na huuzuia mti usiungue. Loweka dakika 15 au 20 tu, zinatosha kabisa kwa unene wa milimita 1.5. Halafu ulaze ufito juu ya kitu cha mviringo, pitisha pasi ya moto polepole, ukiukunja kadiri mvuke unavyotoka. Samaki mkunje angali mbichi, na ufito mkunje ungali moto. Uzidishe kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu utarudi nyuma ukipoa. Ubane kwenye kiunzi bila gundi, uache ukauke kabisa, ndipo uutoe, uupime, uukondeshe, na kuubandika ukiwa mkavu.

Na ukihitaji kuupinda kwa ukingo, kidogo, inawezekana. Bana ncha moja kwenye meza, ulaze ufito kwa ubapa, uvute ncha ya pili pembeni taratibu, uibane hapo, kisha uupashe moto. Nyanyua ukipoa kabisa. Utapata mkunjo mpole, na mara nyingi mkunjo huo mpole ndio uliokosekana.

Turudi kwenye meli yako. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini gundi nyeupe ya mbao huzoleka. Kama ndiyo uliyotumia, paka spiriti ya isopropili kwa brashi ndogo kwenye kiungo, subiri dakika 10 hadi 20, rudia, kisha penyeza kisu chembamba butu chini ya ufito kuanzia kwenye ncha. Gundi inakuwa kama mpira na ufito unatoka mzima. Spiriti hiyo inashika moto upesi, kwa hiyo fungua madirisha, na ile pasi iwe imezimwa na iko mbali. Kama ulitumia gundi ya kukamata papo hapo, utahitaji asetoni, na kazi itakuwa ndefu na yenye harufu mbaya. Pale penye gundi hiyo mimi hukata ufito na kuusaga kwa msasa mpaka kwenye taruma badala ya kupoteza jioni tatu.

Usianze kutoa ovyo. Zima taa kwanza, lete tochi. Fito nne au tano za juu, zile zilizo karibu na sitaha, huwa zimekaa vizuri kwa sababu pale ubavu bado haujaanza kuzunguka sana. Ziache. Katika zile za chini yake, sidhani kama sehemu ya katikati ya meli ina kosa lolote. Kata kila ufito mbaya juu ya taruma la nne au la tano kutoka mbele, katikati kabisa ya unene wa taruma, ili ncha inayobaki na ncha mpya zote zipate pa kukalia. Ondoa cha mbele. Tabaka la kwanza halina haja ya ufito mmoja mrefu. Hakuna atakayeyaona maungio.

Sasa jaza nafasi kati ya mti wa omo na taruma la kwanza, na ikiwezekana kati ya la kwanza na la pili, kwa vipande vya mti laini kama balsa. Vibandike, vichonge, vipige msasa mpaka ufito wako wa kupimia upite juu yake bila kuyumba. Hatua hii ndogo hubadilisha kila kitu. Badala ya ufito kuning'inia hewani kati ya taruma la kwanza na ncha ya meli, unapata ukuta mzima wa kulalia, wa kushikia gundi na wa kuchomekea pini. Mimi siundi meli ya omo nene bila vipande hivi, hata kama maelezo ya seti hayavitaji.

Omo nene. Hapo ndipo meli uliyoichagua inapokuonea. Bounty haikuzaliwa meli ya vita. Iliundwa mwaka 1784 kule Hull, Uingereza, kwa jina la Bethia, iwe ya kubeba mizigo, na serikali ikainunua mwaka 1787 ili iende Tahiti kuchukua miche ya mishelisheli na kuipeleka Karibi. Kibanda kikubwa cha nyuma, ambacho kingekuwa cha nahodha, kiligeuzwa kitalu cha miche. Meli ya mizigo hupewa tumbo pana na omo ya mviringo, kama tofaa, ili ibebe vingi. Uzuri kwa mwenye mzigo, taabu kwetu sisi: fito zinaufikia mti wa omo karibu kwa pembe mraba, baada ya kujikunja ghafla ndani ya sentimita chache tu. Meli nzima ilikuwa na urefu wa takriban mita 27.7, kwa hiyo yako ina mwili wa sentimita 43 hivi. Mkunjo wote wa mbele uko ndani ya upana wa viganja viwili, au pungufu.

Nenda tezi. Kabla hujachomeka kabari, angalia unene wa plaiwudi ya kiunzi pale fito zinapokutana na mti wa usukani. Fanya hesabu hii: kama mti huo una unene wa milimita 5, na kila upande utapata tabaka la kwanza la milimita 1.5 na la pili la milimita 0.5, hizo ni milimita 4 za fito. Plaiwudi iliyo katikati inabaki na milimita 1 tu. Kama hukuichonga, na watu wengi hawaichongi mara ya kwanza, tezi yako itakuwa nene kama nyundo na mti wa usukani utaonekana umezama kati ya mashavu mawili. Chora mstari pale mataruma yanapokutana na kiunzi, kisha punguza plaiwudi kuanzia kwenye mstari huo kwenda nje, taratibu, pande zote sawasawa. Ukikuta umeshaifunika, toa fito mbili tatu za nyuma uingie. Usiniombe ruhusa ya kuliruka hilo.

Baada ya hapo usiendelee kushuka kutoka juu. Hamia chini, bandika ufito ule unaogusa mkuku. Huu uachie upana wake wote, hata mbele, na uishie karibu na taruma la kwanza. Usiuache ukapanda juu ya mti wa omo. Kosa hili ni maarufu kuliko yote. Ufito wa chini ukipanda omo kwa sentimita 2, umeziibia nafasi fito zote za juu yake, na utarudi kwenye magamba ya samaki kwa njia nyingine. Ukishaubandika, pima upya nafasi iliyobaki kati yake na zile za juu, rudi kwenye feni, gawanya.

Bandika mmoja kulia, mmoja kushoto. Kila ufito unavuta kiunzi upande wake kidogo, na ukimaliza upande mmoja mzima kabla ya mwingine, mkuku unajikunja na hutaunyosha tena. Tumia rula moja tangu mwanzo hadi mwisho, pia. Kwenye Vasa, ile meli ya Sweden iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na kuopolewa mwaka 1961, zilipatikana rula za mafundi zisizolingana, nyingine za futi ya Kiswidi na nyingine za futi ya Amsterdam, na mwili wa meli yenyewe hauko sawa pande mbili. Basi ukikuta upande wako wa kushoto umezidi milimita 1, usilale njaa, wakubwa walizidi hapo. Ila usiifanye kuwa kawaida.

Kuhusu kijazio, mwenzako wa pili hakukosea kabisa. Tabaka la kwanza ni msingi tu, na mwanya wa milimita 1 unajazwa kwa kijazio bila dhambi. Zaidi ya hapo jaza kwa kipande cha ufito, maana kijazio kinene hupasuka kikikauka na gundi ya tabaka la pili haikishiki vizuri. Lakini asikudanganye mtu kwamba tabaka la pili linaficha. Fito za nusu milimita zinafuata kila kilima na kila bonde la chini yake. Na Bounty ilivishwa shaba chini ya mstari wa maji. Ukiamua kuivisha ya kwako vipande vidogo vya shaba, shaba ile inayong'aa itaonyesha bonde ambalo kwenye mti usingeliona. Piga msasa na tochi ikiwa imelala pembeni mpaka vivuli viishe.

Jambo dogo la tabaka la pili, maana utaniuliza baadaye: fito za kwenye seti zina urefu wa sentimita 50 au zaidi. Kwa skeli yako hiyo ni mbao ya mita 32, ndefu kuliko Bounty yenyewe. Mbao za kweli zilikuwa za mita 6 hadi 8, yaani sentimita 9 hadi 12 kwako. Ukizikata hivyo, hakikisha maungio mawili yakikaa kwenye taruma moja yametengwa na fito tatu kamili. Wengine huridhika kuchora maungio kwa penseli. Macho yangu huyaona, lakini mimi ni mgonjwa wa mambo haya.

Ulikosea kuanza na meli hii? Ungeniuliza kabla hujanunua ningekwambia ndiyo, ningekuelekeza kwenye skuna ya milingoti miwili yenye omo kali kama kisu, ambako fito zinakwenda karibu moja kwa moja, au kwenye mashua ndogo ya wazi isiyo na sitaha. Meli za vita zenye mizinga mia huwavutia wengi wanaoanza, na nyingi hukaa juu ya kabati bila mbao kwa miaka. Yangu ile ya tochi haijamalizika hadi leo. Bounty iko katikati ya hizo mbili. Ina fundisho gumu moja, hilo la omo, na umeshakutana nalo. Mizinga ni michache na mashua zake zinafurahisha kuunda. Kuiacha sasa uanze nyingine ni kulipa karo halafu kutoka darasani kabla ya kipindi.

Na yule mwenzako aliyesema ubomoe, mwombe aje nyumbani na fito zake. Mtu aliyeunda meli nyingi ana kitu mkononi ambacho maandishi yangu hayakifikishi: atakushika kidole akuonyeshe ufito unavyoteleza wenyewe mpaka mahali unapotaka kukaa. Katika kundi letu hakuna anayebandika ufito wa kwanza wa chini bila mwenzake kuutazama kwanza kutoka mbele, meli ikiwa imegeuzwa juu chini.

Ukifika kwenye mwanya wa mwisho, ule utakaofungwa na ufito mmoja tu, usiupime kwa rula. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua penseli ubapa mpaka kingo zijichore, kata, jaribu, ndipo uhamishe kwenye mti. Uache mnene kwa upana wa unywele mmoja, uupunguze kwa msasa mpaka uingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ukiingia hivyo, utoe, paka gundi, urudishe, na uitumie karatasi hiyohiyo kwa upande wa pili. Isipolingana na upande wa pili, nitumie picha ya meli kutoka mbele kabla hujafunga.